Nikabapa Njia

Septemba 3

Wamenipa dosiye, jalada la kesi ya Bambu. Greffier Kamate, karani mkuu wa korti, aliniita ofisini mwake akanisukumia karatasi bila kuniangalia usoni, kama kawaida yake.

"Mushitakiwa hajue Kifaransa. Siku ya pili yenye kuya, tarehe kumi. Weye ndiye utakalimani."

Huu ni mwaka wangu wa tisa kama mkalimani wa korti ya kijeshi hapa Bunia. Mshitakiwa anasema Kiswahili chetu, mimi nasema Kifaransa. Majuji, ambao wengi wao wametoka mbali na hawajui maneno ya hapa, wanauliza kwa Kifaransa, mimi narudisha kwa Kiswahili. Hatuhukumu askari tu. Penye silaha za vita, raia pia wanaletwa kwetu.

Huyu anaitwa Anselme, mchimba dhahabu wa Bambu. Wanasema aliwaongoza watu wenye bunduki mpaka kwenye kambi ya wachimbaji mwezi wa nne. Walikufa watu saba. Mmoja wao ni Katsuva, mume wa Adeline, na ukuta wa kiwanja cha Adeline ndio ukuta wa parselle yetu.

Ilinipasa kumwambia Kamate jambo hilo palepale. Sikumwambia.

Septemba 6

Mvua mchana kutwa. Adeline alikuja kuomba moto wa makaa, akakaa jikoni kwangu saa mbili. Hakulia. Alisema tu, "Mama Elodie, siku ile weye utakuwa pale mbele. Sikiliza vizuri ile mutu. Majuji hawatajua kile anasema kama weye hausikie."

Nikamwambia nitasikiliza.

Septemba 7

Hakuna kitu. Nguo hazikauki.

Septemba 10

Kesi ilianza saa nne. Majuji watano katika unifomu zao, prezida, juji mkuu, katikati, oditeri, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi, upande wa kulia. Maître Fabrice, avoka au wakili aliyepewa Anselme bila malipo, alifika amechelewa na viatu vyenye tope. Adeline na wajane wengine walikaa benchi ya kwanza, nyuma yangu kabisa. Nilisikia pumzi yao.

Anselme ni mtu mfupi, mikono mikubwa, sauti ndogo. Mvua ilipiga mabati mpaka nikawa namsogelea kinywa chake ili nimsikie. Shahidi mmoja, mama muuza samaki, alikuwa amesema kwamba alimwona Anselme karibu na kijito pamoja na wale watu, dakika chache kabla ya risasi.

Prezida akamwuliza ilikuwaje. Akajibu:

"Nilikuwa natoka kuosha mchanga. Pale kwa kijito tunapitiaka juu ya muti moja tu, wenye kulala. Nilikuwa kati. Balikuya na bunduki, mingi. Nikabapa njia. Bakaenda."

"Traduisez, madame," prezida akasema.

Nikatafsiri. Nilipofika pale pa njia, nikasema: *Je leur ai montré le chemin.* Niliwaonyesha njia.

Oditeri akainua kichwa. Karani aliandika. Nyuma yangu mama mmoja anayejua Kifaransa alitoa sauti kama mtu aliyechomwa mwiba. Maître Fabrice hakuuliza kitu. Anselme alitutazama mmoja mmoja, kwa sababu aliona chumba kimebadilika na hakujua kwa nini.

Septemba 13

Miaka kumi na tano. Prezida alisoma hukumu kwa nusu saa, na mimi nikamtafsiria Anselme sikioni. Kulikuwa na sentensi moja: "kwa kuwa mshitakiwa mwenyewe, mbele ya korti hii, alikubali kwamba aliwaonyesha njia." Nilipomtafsiria hiyo, aligeuza shingo akaniangalia.

"Mimi?" akaniuliza. "Nilisema vile lini?"

Nilimwambia anyamaze, hukumu inasomwa.

Nje Adeline alinikumbatia. "Aksanti, Mama Elodie. Aksanti sana."

Septemba 15

Siku ya Mungu. Naandika haraka, tuone kama nitajisoma kesho.

Tulitoka kanisani pamoja, mimi na Adeline. Barabara ya kartie, mtaa wetu, imekuwa uji, watu wameweka mbao juu ya mtaro, ubao mmoja mmoja. Tulikuwa katikati ya ubao wakati mama mwenye beseni ya mihogo kichwani alipotokea upande wa pili. Adeline akanivuta mkono, akashuka kwenye tope mpaka kwenye kifundo cha mguu, na viatu vyake vya kanisa.

"Umupe njia, Mama Elodie! Hauone iko na muzigo?"

Nikashuka. Yule mama akapita, akashukuru. Adeline akapanda tena ubao, akaendelea kusimulia habari za mahubiri. Mimi nilibaki ndani ya tope.

*Nikabapa njia.*

Nimezaliwa na lugha hii. Najua kwamba kumpa mtu njia kunaweza kuwa kumwonyesha pa kupita, na kunaweza kuwa kutoka ili apite. Mtoto anajua. Mtu aliye katikati ya gogo moja, mbele yake watu na bunduki, atafanya nini? Atashuka majini. Neno lilikuwa na milango miwili. Kazi yangu ilikuwa kumwuliza ni mlango gani. Sikumwuliza.

Na ninajua kwa nini. Si mvua. Kwa sababu pumzi ya Adeline ilikuwa shingoni mwangu, na mimi nilitaka apatikane mtu.

Septemba 16

Nimemwambia Paluku. Mume wangu anauza mabati na misumari sokoni, na wateja wake wengi ni watu wetu waliotoka Butembo kama sisi, ndugu wa wale waliouawa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Weye ulisema vile ulisikia. Basi."

"Sikusema vile nilisikia. Nilisema vile nilitaka."

"Nani anajua?"

"Mimi."

"Basi ni mutu moja tu." Akasimama. "Mama Elodie, batu saba balikufa. Saba! Na weye unataka kwenda kutoa mutu mwenye balikamata? Batu batasema ulikula rushwa. Nyumba hii itawaka."

Sijawahi kumwona Paluku na hofu. Watu hudhani ni mgumu. Kumbe alikuwa mgumu kwa sababu hatukuwa tumepata jambo la kuogopa.

Nimempigia Maître Fabrice simu mara sita. Imezimwa. Sekretari wake anasema amesafiri kwenda Beni, na kuhusu rufani, "Maître hakuacha maagizo."

Septemba 17

Nilikwenda kwa Kamate. Kwa miaka tisa nimemwona kama mtu wa mihuri: hacheki, hasalimii mara mbili. Nilisimama mbele ya meza yake nikamweleza yote, pamoja na Adeline na ukuta.

Alivua miwani.

"Ni kosa ao ni uongo?"

"Ni kosa. Lakini kosa nililolipenda."

Halafu akafungua dosiye, akatafuta karatasi ya siku ile, akaweka kidole juu ya mstari. Ulikuwa pale, kwa mwandiko wake safi: *Je leur ai montré le chemin.*

"Sikia, mama. Akikata rufani, korti ya juu ya hapa itasikiliza kesi upya, na mashahidi. Pale mutu anaweza kusema. Kisha pale kunabaki Kinshasa, Korti ya Kasasyo, na Kinshasa hawaite mutu. Hawaulize kijito iko fasi gani. Banasoma karatasi, banaangalia kama sheria ilifuatwa. Kama kosa haiko mu karatasi, kwao haikukuwako. Unaelewa? Mustari hii itapanda na ndege, na weye utabaki hapa Bunia na kweli yako."

"Siku ngapi za rufani?"

"Tano tangu hukumu. Kesho ndiyo ya mwisho."

"Avoka hayuko."

"Mufungwa anaweza kuitangaza mwenyewe." Akavaa miwani tena. "Andika barua. Weka kila kitu, na jirani yako pia. Usijipake mafuta. Nitaipiga muhuri, nitaifunga ndani ya dosiye. Kisha hiyo, hakuna mutu ataitoa."

"Na mimi nitafanywa nini?"

"Sijue," akasema. Ndiyo maana nilimwamini.

Septemba 18

Barua kurasa mbili. Niliiandika mara nne. Mara ya kwanza nililaumu mvua. Mara ya pili nililaumu uchovu. Ya nne haikulaumu kitu.

Kamate alikwenda gerezani mwenyewe, kwa miguu, suruali imekunjwa, karatasi ya rufani ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilingoja chini ya bati la muuza vocha upande wa pili wa barabara. Saa nane na nusu akatoka.

"Ametia kidole," alisema. "Aliuliza ni nani alimukumbuka. Sikumujibu. Si kazi yangu."

Septemba 24

Paluku analala ameelekea ukutani. Chakula anakula.

Oktoba 4

Oditeri aliniita. Ofisi yake ina madirisha mawili na yote alikuwa ameyafunga. Barua yangu ilikuwa mbele yake.

Aliniuliza kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anayemenya kitu. Unamjua Anselme? Hapana. Familia yake? Hapana. Ni nani alikutembelea baada ya hukumu? Hakuna. Walikupa nini, madame? Wachimbaji wana dhahabu. Walikupa gramu ngapi?

"Hakuna mtu aliyenipa kitu."

"Mkalimani aliyeapa anasema leo nyeupe, kesho nyeusi. Unajua kwamba kutafsiri uongo kortini ni kosa la jinai? Unajua unaweza kutoka hapa na kwenda kukaa naye gerezani?"

"Najua."

"Na bado hutaki kuondoa barua?"

Nilimwangalia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na picha za wale saba mezani, zimepangwa. Yeye pia alitaka apatikane mtu. Tulikuwa na ugonjwa mmoja.

"Siondoi," nikasema.

Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi mpaka askari wa mlangoni akaniuliza kama naumwa.

Oktoba 9

Wamejua. Sijui ni nani aliyesema. Sokoni mwanamke ambaye nilimsimamia mtoto wake ubatizo aligeuza uso. Wateja watatu wamerudisha mabati kwa Paluku.

Jioni Adeline alikuja mpaka mlangoni. Hakuingia.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulikaa na mimi mu jikoni yako. Ulisema utasikiliza, Mama Elodie." Sauti yake haikupanda. "Basi nani aliua bwana yangu? Weye unamutoa huyu, unanipa nani?"

Alingoja kidogo, kama mtu aliyeomba chumvi, kisha akaenda.

Oktoba 10

Mvua.

Oktoba 11

Mvua. Mtu ameandika MUUZAJI, yaani msaliti, kwa makaa kwenye lango letu. Paluku alilisugua kwa brosi na sabuni kabla ya kwenda sokoni. Hakuniambia; nilimwona kutoka dirishani. Aliposimama alibaki na brosi mkononi, amesimama kati ya lango na barabara, watu wakipita. Alimsalimia kila mmoja kwa jina lake, mpaka waliokataa kuitika.

Oktoba 17

Kesi ya rufani ni tarehe 23. Maître Fabrice amerudi, amesoma barua, sasa ananipigia simu mara tatu kwa siku. Anasema jambo hili litasikika mpaka Kinshasa, atalipeleka redioni. Nilimwuliza alikuwa wapi siku ile ya mwisho ya rufani. Alisema mtandao wa Beni ni mbaya.

Zamani nilimwona yeye ndiye jasiri wa korti, na Kamate ndiye karatasi.

Oktoba 23

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Prezida wa korti ya juu ni kanali mwenye nywele nyeupe, anasema polepole. Kiti changu kilikaliwa na Mwalimu Domitille, mwalimu wa zamani wa sekondari, aliyeapa asubuhi. Mimi niliwekwa mbele, mahali pa mashahidi. Sikuwahi kujua kwamba kutoka pale majuji wanaonekana mbali hivyo.

Kanali aliniuliza kama ninaikubali barua. Nikakubali. Aliuliza tafsiri ya kweli ni ipi.

"Sijui, mon colonel. Neno lina maana mbili. *Nimewaonyesha njia*, au *nimewapisha*. Kosa langu si kwamba nilichagua vibaya. Kosa langu ni kwamba nilichagua."

"Siku ile, ulimjua yeyote kati ya familia za wafu?"

"Ndiyo. Mjane mmoja ni jirani yangu. Nilificha."

Chumba kilichemka. Kanali aligonga meza. Sikugeuka nyuma, lakini nilijua Adeline amekaa wapi.

Wakamsimamisha Anselme. Amekonda, shati linamcheza. Kanali alimwambia aeleze tena. Akasema maneno yaleyale, kama mtu anayesoma: "Balikuya na bunduki. Nikabapa njia."

Mwalimu Domitille alimgeukia. "Ulibaonyesha njia, ao ulitoka mu njia?"

Oditeri akaruka. Mkalimani anamwekea mshitakiwa jibu kinywani! Maître Fabrice naye akasimama, wakapiga kelele wote wawili. Kanali aliwanyamazisha. Alifikiri. Halafu akasema kwa Kifaransa, na Domitille akatafsiri neno kwa neno: "Mushitakiwa, usiseme kitu. Onyesha vile ulifanya."

Anselme aliangalia sakafu. Akaweka mguu mmoja mbele ya mwingine, kama mtu aliye juu ya gogo, mikono imenyooshwa. Akainua macho. Aliona kitu mbele yake, kitu ambacho sisi hatukukiona. Na papo hapo akaruka pembeni, akakunja magoti, akaweka mikono juu ya kichwa na kubaki hivyo, ameinama. Alibaki muda mrefu. Askari waliokuwa kando yake hawakujua wafanye nini.

"Maji yalikuwa mpaka hapa," akasema, akigusa kifua. "Balipita juu ya kichwa yangu. Nilihesabu viatu."

Hapo oditeri aliuliza swali ambalo mimi pia nilikuwa nalo tangu ule ubao. "Wakapita, ukawa huru. Kwa nini hukupiga kelele? Kambi ilikuwa karibu. Watu saba!"

Domitille alitafsiri. Anselme akajibu:

"Niliogopa. Nilitoka mu maji, nikakaa, miguu ikakatala. Nilisikia ya kwanza, ya pili... Nilikaa tu. Hiyo ninaikubali. Munifunge ya hiyo kama iko sheria yake. Lakini kuwaleta? Pale kambini alikuwa muloko yangu."

Mdogo wake. Yuko kati ya wale saba. Nilikwenda kuangalia orodha baadaye kwa Kamate: jina lilikuwa pale, namba tano, kwa jina la upande wa mama. Katika kesi ya kwanza hakuna aliyemwuliza, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.



Oktoba 25

Hakuna kitu. Ninafua, ninangoja.

Oktoba 30

Kanali alisoma. Korti inasema ungamo lililobeba hukumu ya kwanza halikuwa ungamo. Shahidi aliona watu karibu na kijito, hakuona mtu akiongoza. Shaka ni ya kumfaa mshitakiwa. Hukumu ya kwanza imevunjwa. Anselme aachiliwe, kama hana kosa jingine.

Kisha ikaja zamu yangu. Hawakuona uongo wa kukusudia, lakini jina langu litolewe kwenye orodha ya wakalimani. Miaka tisa ikaisha kwa sentensi moja, na nilijikuta naitafsiri kichwani, kwa mazoea.

Oditeri alisema nje kwamba ataipeleka hukumu hiyo Kinshasa.

Novemba 1

Karatasi za kutoka zilichukua siku mbili. Nilisimama ng'ambo ya gereza, si kwa ajili ya kuonekana. Anselme alitoka na mfuko mmoja, mke wake amemshika mkono wa shati. Aliniona. Akavuka barabara.

"Ni weye uliandika barua."

"Ndiyo. Na ni mimi nilisema lile neno."

Aliniangalia vile alivyoniangalia siku ya hukumu. "Mama, siwezi kukushukuru," akasema. "Bado."

Nikamwambia ni haki yake. Mke wake akanipa mkono, yeye hakunipa. Wakashuka kwa miguu kuelekea pikipiki za njia ya Nizi.

Novemba 6

Kamate aliniita nichukue vitu vyangu: kalamu, mwavuli, kamusi. Dosiye ilikuwa mezani imefungwa kwa kamba, tayari kwa Kinshasa. Aliifungua tena kwa ajili yangu. Mstari wa zamani bado upo, hakuufuta. Karani hafuti. Lakini nyuma yake ipo barua yangu, na kurasa za tarehe 23, na mle ameandika hata mikono ya Anselme juu ya kichwa, na urefu wa maji.

"Huko juu hawatakuona," alisema. "Hawatamuona naye. Wataona hii."

"Watasemaje?"

"Wataangalia kama sheria ilifuatwa. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua mitatu." Akafunga kamba, mafundo mawili. Halafu Greffier Kamate, ambaye hasalimii mara mbili, alinisindikiza mpaka barabarani.

Novemba 12

Mvua imepungua. Nilikuwa nachambua maharagwe uani wakati Adeline alipoingia bila kubisha. Alikaa kwenye kigoda. Akangoja mpaka nikamaliza sinia nzima.

"Sikuya kusamehe," akasema.

"Sawa."

"Ile mutu, vile aliinama... Nimemuona kila siku tangu pale. Haikuwa yeye." Alichukua punje ya haragwe iliyoanguka, akairudisha kwenye sinia. "Basi benye baliua bwana yangu, bako. Banakula, banalala. Na korti imefunga dosiye imepeleka Kinshasa, na huku hakuna mutu anabatafuta. Nataka kuandikia oditeri. Sijue Kifaransa yao."

"Maître Fabrice angeweza..."

"Sitaki Fabrice. Nataka weye. Batu bote banasemaka kweli wakati inabafaa. Weye ulisema wakati haikukufaa. Andika."

Nilileta karatasi. Paluku alikuwa amerudi. Alitutolea meza ndogo, akaiweka kati yetu, akaenda zake.

Adeline alisema kwa Kiswahili, mimi niliandika kwa Kifaransa. Jina lake. Siku. Kambi. Kwamba Katsuva alikuwa na koti la kahawia. Kwamba mama muuza samaki aliona wale watu, na hakuna aliyemwuliza wana sura gani. Nilimsimamisha mara tano kumwuliza maana ya neno. Mara ya tano alikasirika, kisha akajibu.

Tulipomaliza, akaniambia nimsomee kwa Kiswahili kile nilichoandika. Nikasoma. Nilipofika mstari wa tatu, akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Pale. Umesema nini?"

"Kwamba mume wako alikufa tarehe..."

"Sikusema *alikufa*," Adeline akasema. "Nilisema *balimuua*."

Nilikuwa nimeandika kama ofisi zinavyoandika, neno laini. Nilichukua karatasi nyingine, nikaanza upya kutoka mwanzo.